Kuitia Meli Pua Ndani ya Wiki Mbili

Kwa zaidi ya miaka mitano kila kampuni ya meli za abiria ilijua kwamba tarehe 1 Oktoba 1997 inakuja. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, ule ambao mabaharia huuita SOLAS tu, ulikuwa umerekebishwa Aprili 1992, na marekebisho hayo yalisema kwamba ikifika siku hiyo kila meli kongwe inayobeba abiria zaidi ya 36 katika safari za kimataifa iwe na ving'amuzi vya moshi kwenye vyumba vya kulala, korido, ngazi na sehemu za huduma. Sizungumzii ving'amuzi vya televisheni. Nasema vile vidude vyeupe vya mviringo vinavyokaa darini miaka nenda miaka rudi, kazi yao kunusa tu.

Mtu wa nchi kavu atauliza: miaka mitano na ushei, haraka iko wapi? Nyumba ya vyumba elfu moja ungeimaliza kwa mwaka mmoja, tena kwa mapumziko ya Jumapili.

Meli haina mwaka. Meli ya abiria inayofanya kazi inaingia bandarini asubuhi, inashusha watu, inapakia wengine, na jioni imeondoka. Kila siku inayolala bila abiria ni hasara, kwa sababu mishahara, bima na mafuta ya jenereta havilali. Muda pekee ambao fundi anaikuta tupu ni inapopandishwa chelezoni, na sheria inataka sehemu ya chini ya meli ya abiria ikaguliwe nje ya maji mara mbili katika kila miaka mitano. Safari moja ya chelezo huchukua kama wiki mbili. Na hizo wiki mbili haziji kwa ajili ya moshi. Zinagombaniwa na rafadha, rangi, mazulia, jiko, majokofu, na mwenye baa anayetaka kaunta mpya. Kwa hiyo ile miaka mitano iliyoandikwa kwenye mkataba, ukiipima kwa saa ya meli, ni wiki mbili, pengine nne. Kazi yoyote kubwa ndani ya meli ni kazi ya kukurupushwa, hata kama barua yake ilifika zamani.

Je, inawezekana kuifanya kwa muda huo? Inawezekana. Ila watu hukosea wanapodhani kwamba kazi yenyewe ni kufunga kidude darini.

Tuanze na mahali tarehe ile ilikotoka. Usiku wa kuamkia 7 Aprili 1990, Scandinavian Star ilikuwa njiani kutoka Oslo, Norwe, kwenda Frederikshavn, Denmaki, ikiwa na watu karibu 500. Ilikuwa meli ya 1971, iliyowahi kuungua kwenye chumba cha injini mwaka 1988. Kabla ya kuletwa Ulaya ya kaskazini ilikuwa meli ya kamari huko Florida. Ilianza kubeba abiria katika njia hiyo mpya tarehe 1 Aprili, bado mafundi wakiwa ndani, na mabaharia wake wengi walikuwa wageni kwa meli na kwa wenzao. Baadhi hawakuwa na lugha ya kuwasiliana na abiria.

Moto uliowaua watu uliwaka baada ya saa nane za usiku, kwenye korido ya vyumba vya kulala. Kuta za korido zilikuwa za chuma na bodi za kuzuia moto, lakini zilivikwa ganda jembamba la plastiki ngumu la kupendezesha, na ganda hilo lilipoungua lilitoa monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni. Hewa ya namna hiyo mtu anaivuta mara chache tu, magoti yanaisha nguvu. Kulikuwa na milango ya moto ambayo ingeweza kufungwa kutoka kwenye chumba cha kuongozea meli, ila mfumo wake haukuwa wa kujiendesha wenyewe: ulingoja mtu abonyeze kitufe cha tahadhari karibu na mlango husika. Penye moshi mzito hakubaki wa kubonyeza. Feni za hewa zilipozimwa, moshi ambao ulikuwa ukisukumwa nje ya vyumba na mkondo wa hewa ukapata nafasi ya kupenya ndani chini ya milango. Kengele zilikuwa hafifu; baadhi ya walionusurika walisema hawakuzisikia kabisa. Walikufa watu 159, wengi kwa moshi, na wengi wakiwa vitandani mwao au hatua chache tu kutoka mlangoni.

Meli yenyewe, kwa taarifa yako, ilikarabatiwa, ikauzwa, ikapewa jina la Regal Voyager na kurudi kubeba abiria. Ilivunjwa kuwa chuma chakavu nchini India mwaka 2004.

Angalia mfululizo wa usiku ule wa Aprili. Hakukuwa na kitu cha kunusa. Kwa hiyo kila hatua iliyofuata ilimtegemea binadamu aliyelala: aamke, atambue, atoke, atafute kitufe, abonyeze. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipokaa kuandika upya sheria halikutosheka na kuzikaza kwa meli mpya pekee. Lilirudi nyuma kwa meli kongwe, jambo ambalo wenye meli hawakulizoea, na likaweka ratiba: kwanza ving'amuzi, kisha vinyunyizi vya maji katika miaka iliyofuata, na mwisho kabisa kuondoa meli zilizojengwa kwa mbao na vitu vinavyoungua, ambazo mwisho wake ulikuwa Oktoba 2010. Ving'amuzi vilitangulizwa kwa sababu ndivyo vilivyoonekana rahisi.

Mtu wa kumuuliza urahisi huo uko wapi ni fundi umeme.

Chukua chumba kimoja cha meli ya miaka ya sitini au sabini. Kina ukubwa wa chumba cha kulala wageni cha kawaida, pengine kidogo zaidi, na dari lake unaligusa kwa mkono ukisimama juu ya kitanda. Godoro limefunikwa nailoni. Fundi anabandua kipande cha dari na kuingiza kichwa. Huko juu kuna nafasi ya shubiri moja hivi, na hiyo nayo imejaa: bomba la hewa baridi lililovikwa pamba ya mawe, mabomba mawili ya maji, na fungu la nyaya za zamani zilizopakwa rangi mara nyingi hata hazitambulikani ipi inakwenda wapi. Michoro ya meli inasema waya unapita kulia. Waya haupo kulia. Alikuja fundi mwingine miaka ishirini iliyopita akauhamisha, hakuandika.

Kidude chenyewe ni rahisi kukielewa. Ndani yake kuna kijichumba cheusi chenye taa ndogo upande mmoja na jicho la umeme upande mwingine, vimepangwa kiasi kwamba mwanga wa taa haulifikii jicho moja kwa moja. Hewa ikiwa safi, jicho linaona giza. Moshi ukiingia, chembe zake zinatawanya mwanga, kiasi fulani kinalipata jicho, na kidude kinapiga kelele. Viko pia vya aina nyingine vinavyotumia chembe ndogo sana ya madini yenye mnururisho, ameriki, na hivyo huwahi zaidi moto wa miali kuliko moto wa kufukuta. Jikoni hufungwa vya joto badala ya moshi, kwa sababu inayoeleweka na kila aliyewahi kuunguza vitunguu.

Sasa kiwekwe wapi? Sheria inataka kiwe angalau nusu mita kutoka ukutani, ukiacha korido, ngazi na makabati. Kiwe mbali na boriti na tundu la hewa, maana upepo wa feni utakipulizia moshi pembeni kisiunuse. Katika chumba kile, mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya dari. Katikati ya dari ndipo mjenzi alipoweka tundu la hewa. Kwa hiyo fundi anasogea, anapima, anakuta taa, anasogea tena, anaishia upande wa bafuni, ambako kila abiria akioga maji ya moto na kufungua mlango mvuke utatoka na kupiga kengele. Dakika arobaini zimekwisha na hajatoboa tundu.

Halafu kuna lile neno ambalo likitamkwa kazi inasimama: asbesto. Meli nyingi za zama zile kuta na dari zake zilitengenezwa kwa bodi zenye asbesto, kwa sababu haziungui. Kuzitoboa kwa keekee ni kumwaga vumbi linaloweza kumuua fundi kwa saratani ya mapafu miaka thelathini baadaye. Hapo inabidi kipande kipelekwe maabara, eneo lizungushiwe nailoni, mafundi wavae suti na barakoa, na hesabu ya wiki mbili inaanza kuwa hesabu ya mzaha.

Dari ni nusu ya taabu. Nusu ya pili imo kwenye kuta.

Meli ya abiria imekatwa toka omo hadi tezi katika maeneo ya moto, kila moja likiwa na urefu wa kama mita 40, na kati ya eneo na eneo kuna ukuta wa chuma uliovikwa kizuia joto, uliojaribiwa kustahimili moto kwa dakika 60. Ukuta ule ndio unaowapa watu wa upande wa pili muda wa kutoka. Ving'amuzi vyote lazima viunganishwe na chumba cha kuongozea meli, na njia ya kwenda huko inapita katika kuta hizo. Kila waya unaopita unahitaji tundu, na kila tundu ni jeraha mpaka lizibwe kwa kizibo maalumu kilichopimwa kwa moto uleule wa dakika 60. Silikoni ya dukani hairuhusiwi. Wala kipande cha pamba kilichosokomezwa na kupakwa rangi, ingawa wakaguzi wazoefu watakwambia wamevikuta.

Waya nao una adabu zake. Unatoka kwenye paneli, unapita king'amuzi hadi king'amuzi, kisha unarudi kwenye paneli ileile kwa mlango mwingine, mfano wa tasbihi. Ukikatika mahali pamoja, paneli inaendelea kusikia kutoka pande zote mbili. Lakini faida hiyo inapotea ikiwa waya wa kwenda na waya wa kurudi zimepita chumba kimoja, kwa kuwa moto mmoja utazikata zote mbili. Kwa hiyo sheria inakataza waya kupita mahali pamoja mara mbili, na pale isipowezekana kuepuka, inataka sehemu mbili hizo zitenganishwe kadiri nafasi inavyoruhusu. Fundi mwenye haraka hupenda kuzifunga pamoja, kwa sababu njia imeshafunguliwa. Mfumo utafanya kazi vizuri kabisa siku ya ukaguzi. Utakufa siku ya moto.

Siku hizi vipo ving'amuzi vinavyozungumza kwa redio bila waya, na vinapunguza sana kazi ya kutoboa. Ila ndani ya sanduku la chuma mawimbi hayaendi mbali, na betri elfu moja zinahitaji mtu wa kuzibadilisha.

Tufanye hesabu ya kubuni, tuone muda unakwenda wapi. Tuseme meli ina vyumba 900. Korido na ngazi: sheria hairuhusu umbali wa zaidi ya mita 11 kati ya king'amuzi na kingine, wala mita 5.5 kutoka ukuta wa mwisho, kwa hiyo korido moja ya mita 40 inahitaji vinne. Ongeza migahawa, maduka, stoo, ofisi, vyumba vya mabaharia. Tuseme jumla ni 1,200. Ukigawa vyumba 900 kwa siku 14 unapata 64 kwa siku, na ukiwa na timu za kutosha hilo halitishi. Mafundi watatafutwa, watalipwa, watalala kwa zamu.

Lakini kila kimoja kati ya hivyo 1,200 lazima kijaribiwe kwa moshi. Mtu mmoja anatembea na mkebe wa moshi wa kupuliza uliofungwa kwenye mti mrefu. Mwenzake amekaa kwenye paneli na redio ya mkononi. Wa kwanza anataja namba ya chumba, anapuliza, anangoja. Wa pili anasoma namba iliyotokea. Dakika tatu kwa kimoja, kama hakuna tatizo. Hizo ni dakika 3,600, yaani saa 60, siku sita za kazi ya saa kumi kwa watu wawili wasiofanya kingine chochote. Na majaribio hayaanzi mpaka mengine yote yamekwisha, kwa hiyo siku zikipungua, zinapungua hapa.

Kinachotafutwa katika majaribio hayo si kidude kibovu. Vibovu ni vichache. Kinachotafutwa ni namba. Kwenye meli ya abiria wengi kila king'amuzi lazima kijulikane kwa jina lake, ili paneli iseme "4127" badala ya kusema "kuna moshi mahali fulani." Sasa fikiria fundi wa saa nane za usiku, siku ya kumi na moja, anayeingiza namba mia mbili mfululizo. Akigeuza tarakimu mbili, 4127 ikawa 4172, mfumo hautalalamika. Kila kitu kitawaka kijani. Usiku wa tukio baharia atakimbia hadi chumba 4172, ataukuta mlango baridi na abiria mwenye hasira kwa kuamshwa, atapiga redio kwamba ni kengele ya uongo, na moto utaendelea kwa raha zake upande wa pili wa korido.

Kuna pia kofia. King'amuzi kipya huja kimefunikwa kofia ya plastiki ya rangi kali, kukikinga na vumbi la ujenzi. Inatakiwa kuvuliwa mwishoni. Kofia iliyosahauliwa ni kosa linalojulikana duniani kote, majengoni na melini, kiasi kwamba mkaguzi akiingia mahali hutangulia kutazama juu kabla hajasalimia. Mkaguzi mzuri, nikiulizwa mimi, ndiye anayeudhi kuliko wote.

Kampuni nyingine huamua kuikwepa chelezo kwa kuwapakia mafundi melini na kuifanya kazi safarini, korido moja baada ya nyingine, abiria wakiwa kwenye vyumba vya jirani. Muda unaongezeka, na hilo ni jema. Ubaya wake ni kwamba kwa wiki kadhaa meli inasafiri ikiwa na matundu wazi kwenye kuta za moto, dari zimefunguliwa, milango imeegeshwa kwa kabari ili nyaya zipite, na vumbi la keekee linalolazimisha ving'amuzi vilivyokwisha kufungwa vivalishwe tena kofia zao. Yaani katika kipindi cha kuifanya meli iwe salama zaidi, inakuwa dhaifu kuliko ilivyokuwa. Kinachoziba pengo hilo ni kitu cha zamani sana: mtu wa doria, anayetembea usiku kucha na tochi na pua yake. Sheria inataka doria hiyo iwepo kwenye meli za abiria zaidi ya 36 hata pasipo ukarabati. Wakati wa kazi inafaa iongezwe maradufu, na gharama yake, ukiilinganisha na kusimamisha meli, ni ndogo mno.

Hata hivyo, historia ya moto baharini inaonesha kwamba kosa kubwa la wanaofunga ving'amuzi halihusu waya wala namba. Ni orodha. Mtu anakaa mezani anaandika mahali pa kuweka, na kuna mahali hapamjii akilini.

Morro Castle, meli ya Marekani iliyokuwa ikitoka Havana kwenda New York, iliungua Septemba 1934 karibu na pwani ya New Jersey na kuua watu 137. Ilikuwa ya kisasa kwa zama zake. Ilikuwa na vihisi vya moto vya umeme kwenye vyumba vya abiria, makazi ya mabaharia, ofisi, ngama na chumba cha injini. Moto ulionekana kwanza kwenye kabati la chumba cha kuandikia barua. Chumba hicho, pamoja na maktaba, ukumbi wa dansi na chumba cha kulia, havikuwa na kihisi chochote. Mantiki yake inaeleweka: kumbini kuna watu daima, watauona moto wenyewe. Ni kweli, mpaka saa tisa kasoro za usiku.

Ruka miaka 72. Machi 2006, Star Princess, meli ya mwaka 2002 yenye kila kitu ambacho sheria ilitaka, ilikuwa inakwenda Jamaika ikiwa na abiria zaidi ya 2,600 na wafanyakazi zaidi ya 1,100. Saa tisa usiku moto uliwaka kwenye baraza ya chumba, kile kibaraza cha nje cha kukaa na kutazama bahari. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walielekeza kidole kwenye kipande cha sigara. Baraza ilihesabiwa kuwa nje, na nje hakuna king'amuzi wala kinyunyizi. Lakini vizuizi kati ya baraza na baraza vilikuwa vya plastiki ya polikaboneti, viti vilikuwa vya plastiki, na upepo wa safari ulikuwa unavuma. Moto ulipanda sitaha hadi sitaha, ukavuka maeneo matatu ya moto kwa kuzunguka nje ya zile kuta za dakika 60, ukapasua vioo na kuingia vyumbani. Humo ndani ndimo ulimokutana na vinyunyizi na ukazuiwa. Vyumba 79 viliharibika kabisa, vingine 218 vikapata madhara ya moto, moshi au maji. Abiria mmoja alikufa kwa moshi.

Hapa kulikuwa na haraka ya kweli, maana mamia ya meli duniani zilikuwa na baraza za namna ileile na zilikuwa zinasafiri usiku uleule. IMO ilipitisha sheria mpya Desemba mwaka huohuo, miezi tisa tu baadaye, ikianza kutumika 1 Julai 2008 hata kwa meli zilizopo. Na sheria hiyo, kwa maoni yangu, ina busara kuliko iliyoitangulia, kwa sababu inampa mwenye meli njia mbili. Vizuizi vya plastiki ni lazima vitoke, lakini kwa fanicha ama afunge ving'amuzi na vinyunyizi kwenye baraza, ama azibadilishe ziwe zisizoungua kwa urahisi. Njia ya pili haihitaji kutoboa ukuta wowote wala kuvuta waya. Fundi seremala na bisibisi wanatosha, na kazi inafanyika bandarini mchana mmoja mmoja. Ukiwa na wiki mbili, swali la kwanza si wapi nitafunga king'amuzi. Ni nini ninaweza kukiondoa leo ili kisinuswe kesho.

Sasa tuseme yote yamekwenda sawa. Kuta zimezibwa, namba ni sahihi, kofia zimevuliwa, umeme unaingia kutoka vyanzo viwili, kimojawapo cha dharura, kama inavyotakiwa. Saa tisa usiku kidude kimoja kinanusa. Kinalia wapi?

Hakilii kwenye korido ya abiria, si mara moja. Kinalia kwenye chumba cha kuongozea meli, mbele ya ofisa wa zamu. Sheria inampa dakika mbili. Asipoipokea kengele ndani ya muda huo, mfumo unalia wenyewe katika makazi yote ya mabaharia. Dakika mbili hizo zipo kwa sababu kengele ya uongo ni ugonjwa. Ukiamsha watu 3,000 kwa mvuke wa bafu, usiku wa tatu hawataamka. Na mfumo uliofungwa kwa haraka, wenye vidude vilivyowekwa karibu na bafu kwa kukosa nafasi, unalia sana wiki za mwanzo. Ofisa wa zamu anajifunza kubonyeza kitufe cha kupokea bila kunyanyua macho. Kidole kinazoea. Baada ya mwezi, mfumo wa gharama kubwa umegeuka kuwa jogoo wa jirani.

Dawa yake ni mazoezi, na mazoezi ndiyo yaliyokosekana kwenye Scandinavian Star hata zaidi ya ving'amuzi. Baharia anayekimbilia chumba 4127 lazima awe ameshakwenda huko gizani, anajua ngazi ipi ni fupi, ana ufunguo, na anaweza kumwambia abiria "toka, huku" kwa lugha ambayo abiria anaielewa. Hilo halifungwi darini.

Huku kwetu mambo yana sura nyingine. SOLAS inagusa safari za kimataifa. Boti za Dar es Salaam na Unguja, meli za ziwa Victoria na Tanganyika, hizo zinafuata sheria za nchi. Boti ya mwendo kasi ya mchana ni ukumbi wa viti, na moto wake utaonwa na macho mia tatu kabla king'amuzi hakijaamka. Hofu yake kubwa iko kwenye chumba cha injini, ambako hakuna abiria. Lakini zipo meli zinazosafiri usiku, kama zile za kwenda Pemba, na MV Mwanza ya Ziwa Victoria imetengenezwa kubeba abiria 1,200. Hizo zina korido, zina watu waliolala, na siku moja zitapandishwa chelezoni kwa wiki mbili na kuambiwa ziongeze ving'amuzi. Bahari yetu inalijua hili: Achille Lauro, meli iliyoanza kazi mwaka 1947, iliwaka moto Novemba 1994 mbele ya pwani ya Somalia ikiwa na watu karibu 1,000, ikazama siku mbili baadaye.

Kwa hiyo kwa meneja atakayekabidhiwa kazi hiyo, ushauri wangu ni huu. Siku ya kwanza usifungue keekee. Tembea na daftari, toa magodoro yaliyorundikwa stoo, rangi zilizowekwa chini ya ngazi, plastiki zisizo na kazi. Anza kufunga kwenye korido na ngazi, kwa sababu ndizo njia za kutokea na ndizo zinazoua, vyumba vifuate. Ziba kila tundu siku uliyolitoboa, kabla ya zamu kuondoka. Siku sita za mwisho ziandike kwa wino kwamba ni za kujaribu, na mtu wa baa akija kuziomba kwa ajili ya kaunta yake, mnyime. Na ikiwa siku ya kuondoka imefika na vidude mia mbili bado havijapulizwa moshi, vyumba vyake visiuzwe tiketi safari hiyo.